Afya Nyumbani: Karatasi ya Damu na Mguu Unaovimba

Barua tuliyoichagua juma hili imetoka Kimisagara, Kigali. Mwandishi wake ni bibi mwenye umri wa miaka 56, mke wa askari aliye kazini mbali na nyumbani. Kwa miaka mingi amekuwa akiuza vitenge sokoni, akisimama tangu asubuhi hadi jua linapotua. Anasema kwamba miguu yake huvimba kila jioni, wa kushoto zaidi ya wa kulia, na uvimbe hupungua akisha kulala. Nyuma ya shavu la mguu mishipa imejitokeza na kujipinda kama kamba iliyofundikwa, na juu kidogo ya kifundo ngozi imekuwa ya rangi ya hudhurungi, tena ngumu na yenye kuwasha.

Miezi mitatu iliyopita alikwenda kupimwa damu mahali fulani mjini. Akarudi na karatasi yenye mistari miwili iliyotiwa alama ya nyota: D-dima 720, na CRP 8. Aliyemkabidhi karatasi akamwambia kuwa damu yake ni nzito na chafu, na kwamba inapasa arudi kila mwezi ipimwe tena. Amekwisha kurudi mara mbili. Mtaji wa vitenge umepungua, naye anauliza: auze cherehani yake ili aendelee na vipimo, au damu imekwisha kuharibika hata hakuna haja?

Cherehani isiuzwe. Hilo nalitanguliza, kisha nitaeleza kwa nini, kwa sababu najua kwamba si bibi huyu peke yake aliye na karatasi ya namna hiyo chini ya mto wake.

Anayeijua Kimisagara anajua kwamba ni shida kuifikia nyumba ya mtu huko bila kupanda au kushuka. Mtaa umelala ubavuni mwa Mlima Kigali, nyumba juu ya nyumba, hadi chini kwenye kijito cha Mpazi na kituo cha mabasi cha Nyabugogo. Wakazi wake wengi huulaumu mlima huo kwa maumivu ya miguu. Walakini mlima hauna hatia. Damu inayoshuka mguuni kutoka moyoni husukumwa na moyo wenyewe, lakini damu inayopaswa kupanda kurudi moyoni haina moyo wa pili huko chini. Inategemea misuli ya shavu la mguu, ambayo kila tupigapo hatua huikamua mishipa ya vena na kuisukuma damu juu. Mtu akisimama wima bila kujitikisa, kani ya damu katika vena za kifundoni hufikia kiasi cha milimita 90 za zebaki. Akianza kutembea, kama vena zake ni nzima, hushuka hata chini ya 30. Kwa hiyo basi, apandaye mlima anaikamua damu yake vizuri kuliko asimamaye mahali pamoja, awe ni mama wa sokoni, au polisi wa barabarani, au askari alindaye lango usiku kucha. Hata yule kijana anayeanguka kwenye gwaride, ambaye wenzake humcheka kwamba ana moyo mwepesi, aghalabu kosa lake ni kukaza magoti na kutuliza miguu mpaka damu imejaa chini na kichwa kimekosa. Angekuwa akikaza na kulegeza shavu la mguu ndani ya buti, wala sajini asingeona, pengine asingeanguka.

Ili damu iliyokamuliwa isirudi chini, ndani ya vena mna vilango vidogo vinavyofunguka upande mmoja tu. Fabricius, mwalimu wa Padova huko Italia, aliviandikia kitabu mwaka 1603, naye mwanafunzi wake Mwingereza, William Harvey, akaonyesha mwaka 1628 kazi yake hasa. Jaribio lake moja laweza kufanywa jioni hii nyumbani, na watoto watalipenda. Funga kitambaa katikati ya mkono juu ya kiwiko, usikaze sana, kisha kunja ngumi. Vena zitatuna, na hapa na pale utaona vifundo vidogo. Hivyo ndivyo vilango. Bonyeza vena kwa kidole kimoja chini ya kifundo, na kwa kidole kingine ikamue damu kuelekea juu mpaka upite kifundo kile. Kipande kilichokamuliwa kitabaki kitupu, kwa kuwa damu ya juu haiwezi kukipita kilango kurudi. Ondoa kidole cha chini, nayo damu itajaa mara moja kutoka upande wa kiganja. Usisahau kufungua kitambaa.

Maradhi ya bibi wa Kimisagara ni kwamba vilango vya namna hiyo katika miguu yake vimelegea. Sababu zaweza kuwa nyingi: urithi wa ukoo, uzazi wa mara nyingi, unene, umri, kazi ya kusimama, au damu iliyowahi kuganda ndani ya vena na kuviharibu. Kilango kikilegea, damu hurudi chini, kani haishuki hata mtu akitembea, na vena za juu hupanuka na kujipinda. Maji ya damu huvuja kwenye nyama na mguu ukavimba. Chembe nyekundu nazo huvuja, huvunjika, na chuma kilichomo ndani yake hubaki chini ya ngozi. Ile hudhurungi aliyoieleza bibi ni kama kutu. Ngozi iliyofika hapo yataka kuangaliwa sana, kwani jeraha dogo la kugonga kiti laweza kugeuka kidonda ndugu.

Sasa tuje kwenye damu. Kwa nini maradhi ya vilango yaonekane kwenye karatasi ya maabara? Wataalamu wamelishughulikia swali hili kwa muda mrefu. Mwaka 1982 mabingwa wawili wa London, Browse na Burnand, walisema kwamba fibrini, yaani zile nyuzi zinazofanya damu igande, huvuja na kuizunguka mishipa midogo kama bendeji, zikazuia hewa safi isiifikie ngozi. Mwaka 1988 wenzao wa jiji hilohilo wakaja na jambo lililonivutia zaidi. Waliwaketisha watu, miguu ikining'inia, wakawapima damu inayotoka mguuni. Baada ya saa nzima waliona kwamba kwa watu wazima asilimia 7 ya chembe nyeupe zilikuwa zimebaki mguuni bila kutoka. Kwa wenye maradhi ya vena, asilimia 30. Chembe nyeupe ndizo askari wa mwili. Zinapokwama katika mishipa midogo, tena zikiwa zimekasirika, humwaga sumu iliyokusudiwa adui, na kuta za mishipa zikaungua. Ni kama kikosi kilichowekwa mahali bila amri na bila adui, kikaanza kuwasumbua wenyeji.

Tangu hapo watafiti wamepima vitu vingi katika damu ya wagonjwa hawa: CRP, ambayo ni protini itengenezwayo na ini penye uvimbe au ambukizo, fibrinojeni, intalukini-6, homosisteini, na D-dima. Mara nyingi vimeonekana kupanda kidogo. Lakini kuna jambo ambalo karatasi ya bibi yetu haikulisema. Watafiti walipochukua damu kutoka kwenye vena yenyewe iliyoharibika mguuni, na wakati huohuo kutoka mkononi mwa mgonjwa yuleyule, waliona kwamba alama za uvimbe na D-dima zilikuwa juu zaidi katika damu ya mguuni. Maana yake ni kwamba moto unawaka mguuni, na mkononi hufika moshi tu uliokwisha kuchanganyika na hewa ya mwili mzima. Nasi sote tunatolewa damu mkononi.

Tena moshi huo hausemi umetoka nyumba gani. D-dima ni kipande kinachobaki mwili unapozivunja nyuzi za fibrini. Popote damu ilipoganda kidogo na kuyeyuka, D-dima hupanda: kwa mjamzito, kwa aliyepasuliwa karibuni, kwa mwenye homa ya mapafu, malaria kali, saratani, au jeraha lisilopona. Hata umri peke yake huipandisha. Mpaka wa kawaida ni 500, kwa wale wanaohesabu kwa nanogramu katika mililita kwa kipimo cha fibrinojeni. Maabara nyingine hutumia hesabu nyingine ambayo mpaka wake ni kama nusu ya huo, kwa hiyo kulinganisha karatasi za maabara mbili bila kutazama kizio ni kujitafutia hofu ya bure. Na kwa waliopita miaka 50 madaktari wengi hutumia mpaka wa umri mara kumi. Kwa bibi wa miaka 56 mpaka ni 560. Namba yake ya 720 imeuvuka, lakini si kwa mbali, na kwa mtu mwenye mishipa ya namna ile na ngozi iliyowaka si ajabu.

CRP yake ya 8 nayo ni ndogo. Jino bovu laweza kuileta, au mafua ya juma lililopita. Hakuna daktari awezaye kuitazama namba hiyo na kusema ni vena.

Lipo jambo moja ambalo D-dima hulifanya vizuri, nalo ni kuondoa shaka. Mtu akija na mguu uliovimba, daktari akamchunguza na kuona dalili za bonge la damu katika vena za ndani ni chache, kisha D-dima ikawa chini ya mpaka, daktari aweza kumwambia aende nyumbani, hakuna bonge. Ikiwa juu, haithibitishi kitu. Inaagiza tu kipimo cha mawimbi ya sauti, kile ambacho Kigali wengi hukiita ekografi. Kwa hiyo D-dima ni mlinzi wa mlangoni, haifai kufanywa hakimu. Kuirudia kila mwezi kwa mtu ambaye mguu wake umevimba hivyohivyo kwa miaka hakumwongezei yeye wala daktari wake maarifa yoyote.

Mwaka 1994 mabingwa wa maradhi ya vena walikutana Hawaii wakapanga ngazi za ugonjwa huu, na mpango wao, uliotengenezwa upya baadaye, ndio unaotumika duniani hadi leo. Ngazi zake huanza mguu usioonyesha kitu, zikaja nyuzi ndogo nyekundu na za buluu, mishipa iliyojipinda, uvimbe, ngozi iliyobadilika, kidonda kilichopona, na mwisho kidonda kilicho wazi. Katika ngazi hizo zote hakuna hata tone la damu. Zinatambuliwa kwa macho na vidole vya mtu anayemtazama mgonjwa akiwa amesimama, miguu wazi, mahali penye mwanga. Nimemuuliza bibi kwa barua kama kuna mtu aliyemwambia asimame na kuinua kitenge chake apate kuitazama miguu hiyo. Amejibu kwamba hakuna. Alikaa kwenye kiti, akanyoosha mkono, akalipa.

Nisieleweke kwamba namkataza mtu kupimwa damu. Vipo vipimo vya damu vyenye manufaa kwa mwenye mguu wa namna hii, navyo ni vya kawaida sana. Sukari ipimwe, kwani kidonda cha vena kikikutana na kisukari huwa vita viwili. Wingi wa damu upimwe, maana safura huchelewesha kupona. Na kama katika ukoo kuna seli mundu, hilo nalo liangaliwe, kwa kuwa huleta vidonda vyake vifundoni. Figo na protini za damu zitazamwe pia, hasa miguu yote miwili inapovimba sawasawa, au uso unapovimba asubuhi. Huo waweza usiwe ugonjwa wa vena kabisa, na moyo nao uchunguzwe.

Nchini Rwanda kuna jambo jingine lisilopaswa kusahauliwa. Uko uvimbe wa miguu uitwao imidido, unaowapata watu waliotembea miaka mingi peku katika udongo mwekundu wa milimani. Vipande vidogo mno vya udongo huingia kupitia ngozi na kuziba njia za maji ya mwili. Uchunguzi wa taifa zima wa mwaka 2017 uliwakuta wagonjwa hao katika wilaya zote 30. Unafanana na matende yaletwayo na mbu, na hapa tone la damu lina kazi ya kweli, kwa maana hutafutwa ndani yake alama ya minyoo ya matende. Isipoonekana, basi fikira huelekezwa kwenye udongo. Imidido huanzia vidoleni na unyayoni, ngozi ikawa na vinundu. Ugonjwa wa bibi yetu umeanzia kifundoni na juu yake, pamoja na mishipa iliyojipinda. Mtu mwenye macho haitaji maabara kuvitenga.

Askari na wake zao na wajue pia hali isiyongoja. Mguu mmoja ukivimba ghafula, kwa siku moja au mbili, ukawa na joto na maumivu katika shavu, hasa baada ya safari ndefu ya kukaa katika lori, basi au ndege, baada ya kulazwa, baada ya kupasuliwa, au katika majuma yanayofuata kuzaa, mtu huyo aende hospitali siku hiyohiyo. Na kama pumzi inakatika, kifua kinachoma, au anakohoa damu, aende saa hiyohiyo, maana yawezekana bonge limesafiri hadi mapafuni. Nimesikia habari za vijana waliorudi likizo wakauficha mguu wa namna hiyo wakidhani ni msuli ulioteguka, wakaukanda kwa mafuta ya moto. Usikande shavu la mguu lililovimba ghafula. Wala asiyeagizwa na daktari asimeze aspirini kila siku eti kulainisha damu nzito; tumbo laweza kutoka damu, na vilango havitapona.

Basi fedha iliyobaki ya bibi iende wapi? Kwanza kwenye kituo cha afya kilicho karibu naye, huko Kimisagara, apate kutazamwa na, ikibidi, kuandikiwa rufani. Familia nyingi za askari hutumia bima ya MMI. Aende na kadi yake na aulize kabla ya kulipa kitu. Aombe apigwe ekografi ya vena za miguu mara moja, akiwa amesimama kama inawezekana, ili ionekane ni vilango vipi vilivyolegea, na kama liko bonge la zamani. Hicho ndicho kipimo ambacho namba 720 ilikuwa inakiomba tangu siku ya kwanza.

Pili, soksi za kubana au bendeji. Kabla ya kuvaa, mhudumu apapase mapigo ya damu juu ya wayo, na kama ni hafifu apime kani ya damu kifundoni na mkononi. Ikiwa ya kifundoni haifiki nane ya kumi ya ile ya mkononi, kubana kwa nguvu kwaweza kuudhuru mguu. Mapigo yakiwa mazuri, soksi huvaliwa asubuhi kitandani kabla ya kukanyaga chini, zikavuliwa usiku. Miguu ya nyuma ya kitanda, upande wa nyayo, iwekewe tofali moja moja. Sokoni, kila anapokwisha kumhudumia mteja, anyanyuke juu ya ncha za vidole mara kumi; na jioni aupande mlima wake polepole bila kuuonea uchungu. Ngozi inayowasha ipakwe mafuta mepesi yasiyo na manukato. Majani ya kusagwa na dawa za kuchubua zisiiguse.

Na kidonda kikitokea, asikae nacho nyumbani hata majuma mawili. Huko Uingereza, mwaka 2018, wagonjwa 450 wenye vidonda vya vena waligawanywa: wote walifungwa bendeji, lakini nusu yao walizibwa mapema ile vena iliyoharibika. Waliozibwa mapema walipona kwa muda wa kati wa siku 56, wenzao siku 82. Matibabu hayo hayapatikani kila mahali, lakini ni vizuri mgonjwa ajue kuwa yapo, apate kuyauliza hospitali ya rufaa.

Bibi aliongeza chini ya barua yake swali ambalo huenda ndilo lililomfanya aandike: je, amjulishe mumewe, au anyamaze ili asimtie wasiwasi akiwa kazini? Kwa maoni yangu amjulishe, lakini asimpelekee ile karatasi ya nyota mbili peke yake, kwa sababu mtu aliye mbali akisoma namba asizozielewa hulala macho. Amngojee daktari aitazame miguu, kisha aandike yote pamoja: mguu ulivyo, vena ilivyoonekana, soksi zimegharimu kiasi gani, na kwamba cherehani iko palepale dirishani.